Dubu Habebi Kikombe

Alaska, 19 Mei 2024

Kwa baba yangu, Tata mpendwa,

Nakusalimu, na kupitia kwako nawasalimu Elmina mke wa kaka na watoto, baba mdogo Obure, na jirani yetu Kipyegon pamoja na ng'ombe wake wote. Najua ukisoma barua hii Kipyegon atakuwa ameketi hapo kando akingoja chai. Mimi ni mzima. Baridi ya hapa ni kama ile ya Kericho asubuhi ya Julai, ila hii haiondoki saa nne.

Masikio yako hayasikii simu tangu mashine za kiwanda cha chai ziyamalize, na huku ninakoelekea hakuna mtandao. Basi tumerudi kwa karatasi. Anwani iko nyuma ya bahasha. Barua zako nitaletewa na rubani wa chakula, hali ya hewa ikimruhusu.

Nimeacha kazi ya kutunza wazee kule Minnesota. Usikunje uso. Ile shahada ya ndege na wanyama uliyonisomeshea kwa majani ya chai hatimaye imepata kazi. Mradi mmoja wa huku umeniajiri msimu wa joto nihesabu ndege wanaotaga kwenye maziwa ya mbali, mengine hata jina hayana. Hakuna barabara. Ndege inayotua majini inatushusha, mimi na mwenzangu Dana, msichana mcheshi wa hukuhuku, kisha kila mmoja anazunguka upande wake kwa kayaki. Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja. Huupandi, unauvaa: miguu mbele, maji usawa wa kiuno, mkononi kasia lenye bapa pande zote mbili. Mara ya kwanza nilipinduka mbele ya watu. Sasa naenda kama bata.

Jambo moja sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Huku kuna dubu, wengine wakubwa kuliko fahali wa Kipyegon, na mradi unataka kila mtu abebe bastola. Yangu naivaa kifuani, maana ukikaa kwenye kayaki kiuno kimefunikwa. Tumefundishwa kulenga shabaha na mwalimu alisema nina mkono mtulivu. Ni ya kujikinga na wanyama tu, Tata, na kabla yake kuna dawa ya pilipili ya kumpulizia mnyama usoni. Nadhani sitaitoa hata mara moja.

Binti yako,
Nyabate


Sotik, 16 Juni 2024

Mama yangu Nyabate, uliyebeba jina la mama yangu,

Barua yako imefika na sisi tuko salama. Mvua ya mawe ilipiga chai mwezi uliopita, majani yakatoboka kama yametafunwa na mbuzi, lakini yameanza kuchipua tena. Dada yako Phelis, kule alikoolewa Sosiot, ni mjamzito na miguu imemvimba. Tunamwombea. Elmina alicheka sana kusoma kwamba ndege ndiyo inayokupeleka kwa ndege.

Niliwasomea Obure na Kipyegon ukurasa wa kwanza. Kipyegon aliuliza kama kuhesabu ndege ni kazi ya mtu mzima. Nikamwambia kama serikali inahesabu watu, ndege nao wana haki. Nilipofika ukurasa wa pili nilisema miwani imeingia ukungu, nikaikunja barua. Hawajui habari ya hiyo bastola na sitawaambia.

Sasa nisikilize. Irudishe. Waambie baba yako amekataa. Kama lazima ni mtu abebe, huyo Dana abebe, wewe ubaki na pilipili. Nyumba hii haijawahi kuingiza bunduki na haitaingiza, hata kama nyumba yenyewe imehamia ziwani.

Usidhani ni woga wa kizee. Dubu namjua kwa mahubiri tu, lakini simwogopi. Nyanya yako alikuwa akikutana na tembo mtoni na akarudi na maji. Kinachonitia hofu ni kingine, na siwezi kukiandika.

Hapa Julai imebisha hodi kabla ya wakati, mguu wa Obure unamsumbua na baridi. Vaa soksi mbili.

Ni mimi baba yako,
Nyamweya


Ziwani, 7 Julai 2024

Tata mpendwa,

Rubani ameshusha unga, betri na barua yako. Niliisoma nimekaa juu ya debe la chakula, mbu wakinila. Pole kwa mvua ya mawe. Mwambie Phelis ainue miguu juu ya mto akilala. Mpe pole pia baba mdogo. Ule mguu aliovunjwa na lori la chai unamsumbua kila Julai tangu niko mdogo, mnunulieni ile soksi ndefu ya sufu.

Natamani uone hapa. Jua halizami ipasavyo, linaenda tu kando ya mlima kama mtu anayejisaidia na kurudi. Ndege ninaowahesabu wana macho mekundu na mgongo mweusi wenye madoa meupe, na wakilia ungedhani ni fisi amefurahishwa na kitu. Wanabeba watoto mgongoni majini, kama akina mama wa Sotik siku ya soko. Nikiwakaribia naacha kasia, maji yananipeleka yenyewe.

Dubu nimemwona. Mama na watoto wawili, kwenye mdomo wa kijito, wanavua samaki. Alinitazama, akaona sina maana, akaendelea na kazi yake.

Kuhusu kurudisha, siwezi. Ni sharti la kazi, na rubani wetu mwenyewe alishaokolewa na bastola kama hii, anayo alama ya kucha begani. Mimi na Dana tukipita kichakani tunapiga kelele ili mnyama ajue tupo: "Hei, dubu! Hei!" Huwa tunacheka kwa vile tunavyoonekana. Mnyama akija tunapuliza pilipili. Bastola ni ya mwisho kabisa.

Lakini umesema kuna kitu unakiogopa na huwezi kukiandika. Tata, mimi si mtoto tena. Ni kitu gani?

Binti yako,
Nyabate


Sotik, 4 Agosti 2024

Mama yangu,

Tumshukuru Mungu, Phelis amejifungua msichana, wote wawili wazima. Mtoto ana sauti hata mimi nimemsikia. Nilifika Sosiot na Elmina tukiwa na wimbi na kuku, nikambeba, akanikojolea koti la kanisani. Wanasema ni baraka.

Kipyegon alituletea kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, kwa furaha ya mtoto. Alikaa hadi jioni. Anakuulizia kila mara. Namwambia mtoto anahesabu ndege, hesabu bado haijaisha.

Soksi ya Obure imenunuliwa. Anavaa moja tu, ule mguu mwingine anasema hauna makosa.

Swali lako nimelisoma. Nimelisoma zaidi ya mara moja. Ng'ombe mwekundu amekataa kushika mimba, tumemwita daktari wa mifugo.

Ukiwa kichakani piga hizo kelele kwa nguvu. Na huyo mwenzako naye apige kwa nguvu. Mwambie mimi baba yako nimesema.

Nyamweya


Ziwani, 18 Agosti 2024

Tata,

Salamu kwa wote. Barua yako bado sijaipata, rubani alichelewa kwa ukungu na leo ameleta chakula tu.

Mimi niko salama. Dana yuko salama. Ndege wanakaribia kuondoka. Kazi inaisha mwezi ujao, tutarudi mjini.

Sina mengi. Nimechoka kidogo. Usiwe na wasiwasi.

Nyabate


Sotik, 15 Septemba 2024

Mama yangu Nyabate,

Hapa ni wazima. Chai imerudi vizuri, wachumaji wanaimba. Mtoto wa Phelis ameanza kucheka. Hizo ndizo habari, sasa niziache.

Barua yako ya Agosti nimeiweka mezani kando ya ile ya Julai. Ya Julai ina kurasa tatu na mbu na fisi na akina mama wa Sotik. Ya Agosti ina mistari michache tu, na mwandiko wake si wako. Herufi zimelala upande. Tena umeandika "Dana yuko salama" wakati hakuna aliyekuuliza.

Elmina anasema ni uchovu. Obure anasema labda umepata mchumba Mzungu na unaona aibu. Mimi nimekaa na watu wengi wanaoficha jambo, mmoja wao ni mimi, kwa hiyo naujua mwandiko wake.

Sikuamuru. Nakuomba tu. Kama ni ugonjwa, sema. Kama umeumia, sema. Kama umeumiza mtu, Nyabate, hilo hasa sema. Hutapoteza baba. Nitakuwa nakwenda posta ya Sotik kila siku ya soko, na karani ameshaanza kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Baba yako,
Nyamweya


Alaska, mjini, 13 Oktoba 2024

Tata mpendwa,

Nisamehe kwa safari zako za posta. Tumerudi mjini. Mimi na Dana tumepewa nyumba moja hadi tumalize ripoti. Chakula kipo, joto lipo, mwili wangu hauna jeraha. Sijaumiza mtu. Nimeandika hilo juu kabisa ili usianguke ukisoma yaliyo chini.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito. Dana alikuwa na mafua yaliyomkausha sauti kabisa, tulikuwa tukizungumza kwa mikono na kuchekana. Yeye alienda upande wa mbali wa ziwa, mimi upande wa kijito. Siku iliyotangulia yule dubu na watoto wake walikuwa wamepita palepale. Nilitoka majini kuangalia kiota, nikaivuta kayaki juu ya changarawe, na dawa ya pilipili nikaiacha ndani yake. Kosa dogo namna hiyo.

Nikasikia kichaka kikivunjika. Si kwa upepo. Kitu kizito, kinakuja chini chini, kinasukuma matawi. Nikaona mgongo wa kahawia kati ya majani. Nikapiga kelele: "Hei, dubu! Hei!" Hakikusimama. Kikaongeza mwendo, moja kwa moja kwangu.

Nilitoa bastola. Nilidhani siku kama hiyo ningetetemeka. Mkono wangu ulikuwa mtulivu, Tata, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Nililenga katikati ya ule mgongo. Kidole kilikuwa mahali pake na kilikuwa kimeshaanza kuvuta.

Kisha nikasikia kitu kikigonga jiwe. Ting. Sauti ya bati.

Akili yangu ilikwenda polepole, kama mtoto anayesoma ubaoni neno moja moja: dubu habebi kikombe.

Nikashusha mkono. Matawi yakafunguka, akatoka Dana kwa magoti, koti la kahawia limejaa tope, mzigo mgongoni, na nyuma ya mzigo kikombe chake cha bati kinaning'inia kwa kamba. Upepo ulikuwa umepigiza kayaki yake kwenye mawe ikapasuka, akaamua kuzunguka ziwa kwa miguu. Alinikuta nimekaa chini, bastola imesharudi kifuani. Hakuona kitu. Alitabasamu, akaonyesha mdomo wake kwamba anataka chai. Nikampikia. Akainywa kwa kikombe hicho.

Jioni nilitoa risasi zote nikazificha chini ya unga. Siku zilizobaki nilizunguka na bastola tupu kifuani, na Dana hakujua.

Hajui hadi leo. Ni mtu mwema sana, ananipikia, akinipa sahani siwezi kumtazama. Nikifumba macho naisikia ile sauti ya bati. Nyakati nyingine naota haikulia.

Umesema sitapoteza baba. Basi hayo ndiyo.

Nyabate


Sotik, 3 Novemba 2024

Mama yangu, mtoto wangu,

Wote hapa ni wazima, nakuambia hilo kwanza nami ili usome kwa utulivu. Barua yako niliifungua nikiwa nimesimama kati ya mistari ya chai. Nilipofika mwisho nilikuwa nimekaa chini na suruali imelowa umande, wachumaji wananiuliza kama nimeishiwa nguvu. Nikawaambia la, nimezipata.

Hukupiga. Ngoja niliandike tena kwa sababu peni inataka: hukupiga.

Uliniuliza naogopa nini, nami nikakujibu kwa habari ya ng'ombe. Sasa nitakujibu. Naomba ulishike jambo hili kama tulivyolishika sisi.

Baba yako mdogo Obure hakuvunjwa mguu na lori.

Ulikuwa darasa la tatu. Wizi wa mifugo ulikuwa umezidi, na Kipyegon alikuwa homgadi, mlinzi wa kijiji, amepewa bunduki ya serikali alinde mpaka. Wiki ile akina Kipyegon walikuwa wameibiwa fahali. Jioni moja ya mvua Obure alikatiza shamba la mahindi la Kipyegon akirudi kutoka kazini, amejifunika gunia kichwani. Kipyegon akaona gunia linatembea kati ya mahindi, akaita. Unamjua Obure na mzaha wake. Aliitambua sauti ya rafiki yake, akachuchumaa ajifiche ili akikaribia amrukie amtishe. Kipyegon aliita tena. Kisha akapiga.

Alimbeba mgongoni hadi mlangoni petu. Mimi nilidhani ameleta mzigo wa kuni. Akasema, "Nyamweya, ni mimi. Usitafute mtu mwingine." Damu ilikuwa imemshuka hadi kwenye viatu, nisijue ni ya nani.

Tulimpeleka Obure hospitali ya mbali kwa gari la Kipyegon. Njiani nilikuwa na hasira ambayo sitaki kuikumbuka. Lakini ulikuwa wakati mbaya. Wakisii na Wakipsigis tulikuwa tukitazamana vibaya hapa mpakani, vijana wa pande zote mbili wakingoja sababu tu. Ni Obure mwenyewe, akiwa amelala kiti cha nyuma anauma koti langu kwa maumivu, aliyesema: "Semeni ni lori. Lori halina kabila."

Basi ikawa lori. Alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori la chai, kila mtu akaamini. Kesho yake Kipyegon aliirudisha bunduki na hajagusa nyingine. Tangu siku hiyo anakuja kunywa chai hapa. Ulidhani anapenda chai yetu.

Kwa hiyo uliposema bastola, sikumwona dubu. Niliona gunia kwenye mahindi.

Sasa jambo moja. Mwambie Dana. Kipyegon alikuja kusema akiwa amebeba mtu anayevuja damu. Wewe unakwenda na mikono mitupu na habari njema: yuko hai. Kwa nini habari njema ikutafune hivyo? Usiponiambia umefanya, nitaendelea kwenda posta.

Baba yako,
Nyamweya


Alaska, 24 Novemba 2024

Tata mpendwa,

Salamu, na umbusu mtoto wa Phelis mashavu yote mawili. Theluji imefika dirishani na mimi nina joto.

Nimesoma habari ya baba mdogo mara nyingi. Nimekumbuka vile Kipyegon alivyokuwa akimshika mkono kuvuka daraja la mto, na sisi watoto tukiwacheka wanaume wazima walioshikana mikono. Sitasema kwa mtu.

Dana nimemwambia. Tulikuwa tukiosha vyombo. Nilisema, "Dana, ile siku kayaki yako ilipasuka, ulipotoka kichakani, nilikuwa nimekulenga." Nikamweleza yote, mpaka zile risasi chini ya unga. Alizima bomba, akavaa koti, akatoka nje. Nikasema basi, nimempoteza.

Alirudi pua imekuwa nyekundu kwa baridi. Akaketi mbele yangu. "Nilikusikia ukiita," akasema. "Nilikuwa nimepotea kwenye ule ukungu, sina sauti, naogopa. Nikakusikia, nikajua nimefika nyumbani. Ndiyo maana niliharakisha."

Tata, sikujua hilo. Nililia hadi nikashikwa na kwikwi. Yeye akaanza kulia pia, kisha akacheka, akasema kile kikombe alitaka kukitupa tangu Juni kwa sababu kilimkera kwa kelele. Tukacheka wote kama wajinga, sabuni inakauka mikononi. Usiku ule nililala, na nilipoamka jua lilikuwa juu.

Tumezungumza na mradi. Msimu ujao tutakwenda pamoja kwenye kayaki ya watu wawili, hakuna kutengana, kila mtu na filimbi shingoni. Bastola itakuwa moja, nayo ataibeba yule ambaye siku hiyo anasema yuko tayari. Sisemi ni kitu kibaya, yule rubani yuko hai. Nasema tu sitaibeba tena nikiwa peke yangu kwenye ukungu.

Ukurasa wa barua yangu ya kwanza uliowaficha Kipyegon na baba mdogo, na ile barua ya Oktoba, wasomee wote wawili. Nadhani ni zao kama zilivyo zako.

Binti yako aliyelala,
Nyabate


Sotik, 15 Desemba 2024

Mama yangu Nyabate,

Tunakusalimu kutoka nyumba iliyojaa watu. Phelis amekuja na mtoto kwa likizo, ng'ombe mwekundu hatimaye ameshika mimba, na chai inachipua kwa kasi kuliko mikono ya kuichuma.

Niliwaita Obure na Kipyegon nikawasomea zote. Nilisoma kwa sauti kubwa kama kawaida ya kiziwi, nadhani hata barabarani walisikia. Nilipofika kwenye bati Obure aliacha kutafuna. Kipyegon alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Akauliza, "Risasi haikutoka?"

"Haikutoka."

"Hata moja?"

"Hata moja, Kipyegon. Msichana alikunywa chai."

Akasimama akatoka nje. Nikamwona dirishani, ameegemea ua wa ng'ombe, anacheka peke yake na machozi yanamwagika hadi kidevuni. Nilitaka kumfuata. Obure akanishika shati. "Mwache," akasema. "Amengoja habari ya mtu aliyeshusha mkono tangu sisi ni vijana."

Jana ilikuwa Sabato. Wakati wa shukrani nilisimama. Mzee wa kanisa Okemwa akaniuliza ninashukuru kwa nini ili waniombee vizuri. Nikasema, "Namshukuru Mungu kwa jambo ambalo halikutokea."

Akasogea karibu na sikio langu. "Jambo gani, Mzee Nyamweya?"

"Hilo ambalo halikutokea."

Watu wakaanza kutazamana. Niliona Elmina ameinamisha uso kwa aibu. Nadhani walidhani umri umenipanda kichwani. Ndipo nikaona vichwa vikigeukia benchi la nyuma. Kipyegon, ambaye kanisa lake ni la Jumapili, ambaye hajawahi kukanyaga letu ila kwa mazishi, alikuwa amesimama na koti lake la harusi.

"Mimi pia," akasema, "nashukuru kwa hilohilo."

Akaketi. Kando yake Obure akasema Amina, kwa nguvu hata mimi nikaisikia.

Baba yako,
Nyamweya